Tshibumba Kanda Matulu: muchoraji aliyeona Golgota hapa Lubumbashi

Kila mwaka, tarehe 17 Januari, inchi yetu inasimama kidogo. Maofisi yanafungwa, masomo yanafungwa, na sisi watu wa radio tunatoa vipindi vya kumukumbuka Patrice Emery Lumumba. Hapa Haut-Katanga siku hiyo iko na uzito wake wa pekee, juu ya Lumumba aliuawa hapa kwetu, katika pori la Shilatembo, kilometa karibu 50 toka Lubumbashi.

Lakini siku kama hiyo kuna mutu mwingine tunapashwa kumutaja. Ni mutoto wa muji huu, na ni yeye aliyefanya kifo hicho kionekane kwa macho. Jina lake ni Tshibumba Kanda Matulu. Hakuwa padri, hakuwa pasta, hakuwa mutu wa siasa. Alikuwa muchoraji wa picha za kuuza. Alichukua habari ya Biblia ambayo hata mutoto mudogo anaijua, ile ya Yesu na misalaba mitatu ya Golgota, akaichora juu ya kitambaa cha mufuko wa unga, na ndani yake akamuweka Lumumba.

Leo picha zake zinatunzwa katika nyumba kubwa za makumbusho huko Ulaya. Hapa kwetu vijana wengi hawajasikia hata jina lake. Njo maana tunaeleza maisha yake.

Mutoto wa Élisabethville

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 hapa Lubumbashi, wakati muji ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville. Jina lake linaonyesha asili ya Kasai, sawa jamaa mingi zilizofika Katanga juu ya kazi ya Union Minière na ya gari la moshi. Muji wenyewe ulikuwa umegawanyika: upande wazungu, upande weusi, na kati yao mupaka ambao mutu mweusi hakuupita usiku bila ruhusa.

Miaka ile ile, sanaa ya uchoraji ilikuwa inaanza kupata jina hapa. Mwaka 1946, Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua kiwanda cha wachoraji kilichoitwa Le Hangar. Humo walitoka wazee wanaojulikana mupaka leo: Pilipili Mulongoy, Bela Sara, Mwenze Kibwanga. Walichora samaki, ndege, swala, wawindaji, pori lenye rangi nzuri. Mwaka 1951 Mubelgiji Laurent Moonens alianzisha Académie ya sanaa, ambayo vijana wengi walipitia. Picha za wazee wa Hangar zilipendwa sana na wazungu, walizinunua na kuzipeleka kwao. Lakini ukizitazama utaona kitu kimoja: hakuna mugodi, hakuna polisi, hakuna kodi, hakuna muzungu. Ni sawa Katanga ya kabla ya Union Minière.

Tshibumba hakupitia njia hiyo. Alijifunza kwa mukono wake mwenyewe, kwa kutazama wengine na kwa kurudilia. Picha zake hazikuwa za kuuzia wazungu wenye kwenda likizo. Zilikuwa za watu wa muji: mutumishi wa Gécamines, mutu wa gari la moshi, mwalimu, muchuruzi wa soko. Kitambaa chake kilikuwa mufuko wa unga, aliouvuta vizuri juu ya fremu ya mbao na kuupaka rangi ya chini kwanza. Alianza na mistari, sura za watu na manyumba, kisha akajaza rangi. Mwishoni aliandika maneno ya Kifaransa kwa herufi kubwa juu ya picha yenyewe, ili mutazamaji ajue ni nani na ni mwaka gani, na akatia saini yake: Tshibumba K.M.

Picha za ukumbusho

Wazee wetu wa miaka ya 1970 wanakumbuka picha zile. Ukiingia katika saloni ya mutu aliyekuwa na kazi ya mushahara, ungekuta viti, redio, kitambaa cha mama juu ya meza, na ukutani picha moja ao mbili. Mara nyingi ilikuwa Mamba Muntu, yule mwanamuke wa majini mwenye mukia wa samaki. Mara ingine ilikuwa ile iliyoitwa Colonie Belge: mufungwa amelala chini, askari mweusi anamupiga fimbo, muzungu wa serikali amesimama na kutazama, bendera ya Ubelgiji iko juu, na kando wanawake wanalia.

Mutu wa kigeni angejiuliza kwa nini mutu aliyechoka na kazi anapenda kutundika fimbo ukutani. Watu wa Lubumbashi walikuwa na jibu la neno moja: ukumbusho. Picha ilikuwa ya kuwashia mazungumuzo. Mugeni anaingia, anakaa, anatazama, anauliza, na muzee wa nyumba anaanza kueleza. Watoto wanasikia. Kwa njia hiyo mambo ambayo hayakuandikwa katika vitabu vya masomo yalipita toka kinywa cha baba kwenda masikio ya mutoto.

Kuna jambo lingine la kujua kuhusu kazi hii. Muchoraji wa aina ya Tshibumba hakuchora picha moja tu na kuiacha. Kama picha inapendwa, aliichora tena na tena, kwa mukono, kila mara na mabadiliko madogo kufuatana na muteja. Huko Ulaya, toka zamani, mutu aliyetaka picha moja ifike katika manyumba mengi alikata mistari juu ya ubao ao bamba la shaba, akapaka wino na kuchapa karatasi nyingi. Hapa kwetu wachoraji wa picha za ukumbusho hawakuwa na mashini hiyo. Mashini yao ilikuwa mukono. Lakini kazi ilikuwa ile ile: sura moja inaingia katika nyumba mia, na watu wanaanza kuikumbuka hata wakifunga macho.

Na sura za Biblia zilikuwa tayari katika manyumba. Mutoto aliyekulia Élisabethville alikua katikati yake. Masomo ya weusi yalikuwa katika mikono ya wamisioni. Ku kanisa katoliki, Njia ya Musalaba yenye vituo 14 ilizunguka ukuta mzima. Katika kitabu cha katekisimo na juu ya kalenda kulikuwa Yesu mwenye taji la miiba, Maria anayelia, askari mwenye mukuki. Zilikuwa picha zilizochapwa kwa mashini, na zilifika hata kwa mutu ambaye hajui kusoma. Kwa hiyo Tshibumba aliposhika burashi, lugha hii ya musalaba ilikuwa tayari katika macho ya wateja wake. Hakuhitaji kuwafundisha.

Historia ya inchi nzima, kwa Kiswahili cha kwetu

Mwishoni mwa mwaka 1973, Tshibumba alifika na picha zake ku nyumba ya Johannes Fabian, mwalimu wa asili ya Ujerumani aliyefundisha ku chuo kikuu hapa Lubumbashi. Alitaka kuuza. Lakini katika mazungumuzo alitoa wazo kubwa zaidi: alitaka kuchora historia ya inchi yote, toka mwanzo. Katika miezi iliyofuata, mupaka 1974, alileta picha kidogo kidogo, mupaka zikapita 100.

Alipoleta picha, hakuiweka tu chini na kupokea franga. Alikaa akaieleza, na Fabian aliwasha mashini ya kunasa sauti. Walizungumuza kwa Kiswahili cha hapa, kile tunachosema ku soko na ku mugodi, pamoja na Kifaransa chake ndani. Kwa hiyo kazi ya Tshibumba iko na sehemu mbili: picha na sauti. Yeye mwenyewe hakupenda kuitwa muchoraji tu. Alijihesabu kuwa mutu wa historia, mwenye haki ya kueleza inchi yake sawa vile maprofesa.

Na alieleza mengi. Wafalme wa zamani, kufika kwa Wareno, Leopold, wamisioni, kodi na fimbo. Alichora mauaji ya watumishi wa Union Minière waliogoma mwezi wa Desemba 1941, hapa hapa Lubumbashi, ku uwanja wa mupira, wakati gavana Maron alikuwepo na askari walifyatua risasi. Alichora Simon Kimbangu mbele ya hakimu. Kimbangu, mutu wa Nkamba, alihukumiwa mwaka 1921 kwa sababu ya mahubiri yake na uponyaji, akaletwa mbali na watu wake, akafungwa miaka 30, na akafia katika gereza la Élisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Tshibumba alikuwa ungali mutoto mudogo katika muji ule ule.

Tazama jambo hili vizuri. Tayari kwa Kimbangu unaona njia ya Tshibumba: mutu asiye na kosa, amesimama mbele ya hakimu wa serikali ya wageni. Mukristo yeyote anayetazama anaona Pilato bila kuambiwa.

Usiku ambao haukupigwa foto

Ili kuelewa picha yake kubwa, tukumbuke kilichotokea. Lumumba, waziri mukuu wa kwanza, aliondolewa madarakani mwezi wa Septemba 1960. Alifungwa katika nyumba yake Léopoldville, akatoroka, akakamatwa mwanzo wa Desemba, akawekwa katika kambi ya askari huko Thysville. Tarehe 17 Januari 1961 alipandishwa ndege pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mpolo alikuwa waziri wa vijana, Okito alikuwa mukubwa wa pili wa Senat. Katika ndege walipigwa vibaya. Ndege ilitua Luano. Walipelekwa ku nyumba ya Mubelgiji mumoja, Brouwez, wakapigwa tena, na usiku wakapelekwa pori wakapigwa risasi, mbele ya wakubwa wa serikali ya Katanga na maofisa Wabelgiji.

Wiki karibu inne zilipita. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga ilitangaza kwamba watatu hao walitoroka na waliuawa na watu wa kijiji. Haikuwa kweli. Miili ilikuwa imekwisha kufukuliwa, ikakatwa na kuyeyushwa ndani ya asidi, kazi iliyoongozwa na polisi Mubelgiji Gérard Soete.

Kwa hiyo hakukuwa na foto. Hakukuwa na kaburi. Hakukuwa na matanga. Katika desturi zetu zote, ikiwa ya Kasai, ya Katanga ao ya Kivu, mutu anayekufa bila kuzikwa ni kidonda kisichofungika. Tshibumba alikuwa na miaka 13 ao 14 wakati huo. Muji wake njo muji wa kifo hicho, lakini hakuna mutu wa kawaida aliyeona kitu. Mutu anawezaje kukumbuka kitu ambacho hakuna aliyekiona?

Misalaba mitatu

Jibu la Tshibumba ni picha. Lumumba, Mpolo na Okito wamelala chini, wamekufa. Nyuma yao, juu ya kilima, kuna misalaba mitatu. Juu mbinguni kuna nyota sita. Kwa ubavu wa Lumumba damu inatoka, na ile damu ikishuka chini inaandika neno moja la Kifaransa: unité, maana yake umoja.

Tukiisoma polepole, sawa mutu anavyosoma Injili, kila kitu kiko na kazi yake.

Watatu ni watatu, sawa ku Golgota. Ubavu unatoka damu, sawa vile katika Injili ya Yoane askari alichoma Yesu ubavuni kwa mukuki. Nyota sita ni za bendera ya uhuru, kwa jimbo sita za wakati ule. Katanga ilikuwa moja kati yao, na ilikuwa imejitenga. Na neno lililoandikwa kwa damu linasema sababu ya kifo, sawa kile kibao ambacho Pilato aliamuru kiwekwe juu ya musalaba.

Lakini Tshibumba hakunakili tu. Alibadilisha. Ku Golgota wawili waliokufa pembeni walikuwa wezi. Hapa Mpolo na Okito si wezi, ni wenzake wa kazi, wamekufa kwa ajili ya jambo lile lile. Na misalaba haina watu juu yake: watu wako chini, katika udongo wa Katanga, na misalaba iko mbali, sawa mawazo. Alipoieleza picha hiyo kwa Kiswahili, Tshibumba mwenyewe alitofautisha vizuri. Hakusema aliona misalaba pale. Alisema hiyo ilikuwa katika mawazo yake, kwamba kwa ginsi walivyofungwa na kufa watatu pamoja, Lumumba alifanana na Bwana Yesu wa inchi hii.

Kuna picha ingine ya habari ile ile aliyoiita Calvaire d'Afrique. Kalvario ya Afrika: jina tu linatosha kueleza. Kwa Tshibumba, safari ya mwisho ya Lumumba ilikuwa Njia ya Musalaba, yenye vituo ambavyo watu wa hapa wanavijua kwa majina ya mitaa yao.

Neno gumu katika muji huu

Leo picha hiyo inaonekana kitu cha kawaida. Wakati ule haikuwa hivyo, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni serikali ya Mobutu. Ni kweli Mobutu alimutangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966. Jina lake liliruhusiwa. Lakini kila mutu alijua pia nani alikuwa na jeshi mukononi wakati Lumumba alikamatwa na kutumwa Katanga. Kusema shujaa, ilikuwa halali. Kuuliza nani alimusaliti, ilikuwa hatari. Na picha ya misalaba inauliza swali hilo bila kufungua kinywa. Ukikubali kwamba Lumumba iko sawa Yesu, basi Yuda ni nani? Na Pilato aliyenawa mikono ni nani? Muchoraji hahitaji kuandika majina. Kila mutu katika saloni anayaweka yeye mwenyewe.

Tukumbuke pia mwaka. Tangu 1972 majina ya kikristo yalikatazwa, na serikali ilianza kugombana na Kanisa. Mwaka 1974 sikukuu ya Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko, na amri ikatoka kuondoa misalaba katika nyumba za serikali na za masomo, mahali pake iwekwe picha ya Raisi. Mwaka huo huo, waziri Engulu alitangaza hadharani kwamba Mobutu ni kama masiya aliyetumwa na Mungu kwa watu wake. Kwa hiyo wakati wakubwa wa Kinshasa walimupa Mobutu jina la masiya, muchoraji mumoja wa Shaba alikuwa amekwisha kutoa musalaba kwa mutu mwingine. Hakuna mahubiri ya siasa yenye nguvu kupita hiyo.

Sababu ya pili iko kwetu wenyewe, na ni afazali tuiseme. Katika muji huu si watu wote walimulilia Lumumba. Kuna waliomufuata Tshombe kwa moyo wote, na kwao Lumumba alikuwa adui wa Katanga. Kuna pia jamaa za asili ya Kasai zilizoishi kambini ya wakimbizi hapa Élisabethville mwaka 1961 na 1962, kwa kuogopa kuuawa. Na kati ya Waluba wa Kasai wenyewe, wengi walikuwa na uchungu na Lumumba, juu ya mauaji ya jeshi lake huko Bakwanga mwaka 1960. Tshibumba alichora Lumumba katikati ya vidonda hivi vyote. Alichora pia Tshombe na bendera ya Katanga. Hakuficha upande. Lakini neno aliloliacha chini ya damu halikuwa kisasi wala kabila. Ilikuwa umoja.

Wengine watasema, na wako na haki ya kusema, kwamba mwanadamu hawezi kulinganishwa na Yesu. Lumumba alikuwa mutu wa siasa, alikosa pia. Ni kweli. Wanahistoria vile vile wanaonyesha fasi zingine ambamo Tshibumba alichanganya miaka ao alijaza mwenyewe mambo ambayo hayakuandikwa. Lakini picha yake haisemi kwamba Lumumba ni Mungu. Inasema kwamba mateso ya mutu asiyehukumiwa yako na sura, na sura hiyo Wakristo wanaijua. Anayelia mbele ya kituo cha 12 ku kanisa hawezi kupita Shilatembo na macho makavu.

Toka Lubumbashi mupaka Amsterdam

Kuna muchoraji mwingine anayejulikana dunia nzima kwa misalaba mitatu. Anaitwa Rembrandt, wa Uholanzi, aliyeishi Amsterdam. Mwaka 1653 alichora habari hiyo kwa sindano ya chuma juu ya bamba la shaba, kisha akaichapa juu ya karatasi. Yesu katikati, wezi wawili pembeni, askari, farasi, watu wanaolia, na mwangaza mukali unashuka toka juu. Baadaye alirudi juu ya bamba lile lile, akakwangua, akachora upya, mupaka giza likafunika karibu watu wote. Ni habari ile ile, lakini sasa ni saa ya giza yenyewe.

Tunataja Rembrandt kwa kuonyesha kwamba kazi ya Tshibumba si mchezo wa pembeni ya barabara. Ni kazi ya zamani sana: kuchukua habari ambayo kila mutu anaijua, na kuirudilia mupaka iseme jambo la siku zako. Rembrandt alikuwa na bamba la shaba. Tshibumba, katika inchi ya shaba, alikuwa na mufuko wa unga.

Na mambo ya dunia yanashangaza: zile picha zaidi ya 100 za historia leo ziko Amsterdam, muji wa Rembrandt, katika nyumba ya makumbusho iliyoitwa Tropenmuseum, leo Wereldmuseum. Fabian alitoa kitabu kikubwa juu yake mwaka 1996, kwa Kingereza, chenye picha na maelezo ya Tshibumba. Maandishi ya mazungumuzo yao kwa Kiswahili chetu yaliwekwa pia kwenye intaneti, na kila mutu anaweza kuyasoma bila kulipa. Picha zingine za Tshibumba na za wenzake, zilizokusanywa na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, zilionyeshwa New York mwaka 1999 katika maonyesho juu ya Lumumba. Na mwaka 2016 huko Brussels, mutoto mwingine wa Lubumbashi, Sammy Baloji, pamoja na Bambi Ceuppens, walifanya maonyesho makubwa ya picha hizi za muji wetu.

Mutu bila kaburi

Tshibumba mwenyewe hakuona lolote kati ya hayo. Kazi ya picha ilikuwa ngumu. Miaka ya nyuma ya 1974 ilikuwa mibaya kwa Shaba: bei ya shaba ilianguka, franga ilikosekana, na mwaka 1977 na 1978 vita viliingia jimboni. Mutu akikosa unga hanunui picha ya ukumbusho. Kutoka mwaka 1981 Tshibumba hakuonekana tena. Hakuna kaburi linalojulikana, hakuna tarehe ya kifo. Alikuwa na miaka kama 34. Miaka zaidi ya 40 imepita, na watu wanamuhesabu kati ya marehemu.

Mutu aliyempa Lumumba sura ya kifo alipotea yeye pia bila kaburi. Lakini kwa Lumumba, jambo moja lilibadilika. Tarehe 20 Juni 2022, Ubelgiji ilirudisha kwa jamaa yake jino moja, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Sanduku lilizunguka inchi: Onalua alikozaliwa, Kisangani, kisha hapa Lubumbashi na Shilatembo, mbele ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Miaka 61 baada ya kuuawa, alipata matanga.

Kwa Tshibumba, kaburi ni picha zake, na nyingi ziko mbali. Lakini si zote. Picha hizi ziliuzwa hapa, Kenya, Katuba, Kamalondo, Likasi, Kipushi, Kolwezi, na zilitundikwa katika saloni za wazee wetu. Zingine ziliuzwa tena, zingine zilioza kwa mvua, zingine zilitupwa wakati nyumba ilipakwa rangi mupya. Zingine labda zingali nyuma ya kabati. Ukikuta kitambaa cha mufuko wa unga chenye rangi zilizofifia na maneno ya Kifaransa kwa herufi kubwa, usikitupe. Tafuta saini pembeni. Kisha kaa na muzee wa nyumba, muulize alikinunua wapi, mwaka gani, na alikuwa anawaeleza nini wageni wake. Andika majibu yake. Hiyo njo kazi ambayo picha ilifanywa kwa ajili yake.